Niliiambia Keneli Kinachangia

Kazi yangu ni kuielezea keneli vitu isivyoviona. Nikisema hivyo kwenye shughuli za watu, wananiitikia "ahaa" halafu wanageukia upande wa pili kuulizia pilau, na siwalaumu. Mama yangu kule Kondoa hadi leo anawaambia majirani kwamba natengeneza kompyuta zilizoharibika. Nimeshachoka kumrekebisha.

Lakini habari hii haieleweki bila hilo, kwa hiyo nivumilieni kidogo. Keneli ni kiini cha mfumo endeshi, ile programu inayoamka kwanza kifaa kikiwashwa na kuzigawia kazi programu nyingine zote. Ina akili, ila haina macho. Ukiiweka kwenye bodi mpya ya kompyuta haijui humo ndani mna nini, prosesa ziko ngapi, kumbukumbu ni kiasi gani, waya upi unakwenda wapi. Lazima mtu akae chini aandike faili la maelezo, mstari kwa mstari, hapa kuna hiki, pale kuna kile. Mtu huyo ndiye mimi. Na keneli inaamini kila nilichoandika, haiulizi mara mbili wala haiendi kuhakikisha.

Katika yote hayo, kinachonitoa jasho ni kache. Prosesa, sehemu inayofanya hesabu, ni ya haraka na kumbukumbu kubwa ni ya polepole, basi katikati wanaweka kumbukumbu ndogo ya haraka, ambamo prosesa hutunza nakala ya vitu inavyovisoma kila mara. Hiyo ndiyo kache. Chipu ya kifaa tulichokuwa tunatengeneza ilikuwa na prosesa nne zinazochangia kache moja, kama wapangaji wanne wanavyochangia bomba la uani. Sasa swali: na visehemu vingine vya chipu, kama vya kupokea vipimo kutoka nje, navyo vinapitia kwenye kache hiyo hiyo, au vinaweka vitu vyao moja kwa moja kwenye kumbukumbu kubwa? Kama vinapitia, keneli haina wasiwasi, nakala yake ni mpya siku zote. Kama havipitii, keneli inatakiwa kuitupa nakala yake kila inapotaka kusoma, la sivyo itasoma ya zamani ikidhani ni ya sasa. Mstari mmoja tu kwenye faili ndio unaoiambia lipi ni lipi.

Mstari mmoja, jamani.

Tulikuwa watu wawili na bosi wetu, kwenye chumba cha kupanga huku Chimwaga, vumbi linaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Tulikuwa tunatengeneza kifaa cha kulinda friji za damu za hospitali. Kilikuwa na kijiti cha kupimia joto kinachokaa ndani ya friji, kioo kidogo nje ukutani kinachoonyesha namba na saa, na king'ora cha kupiga kelele joto likipanda. Damu inakaa kati ya nyuzi mbili na sita. Ikivuka kumi, inamwagwa, hakuna mjadala.

Mwenzangu alikuwa fundi wa bodi, Mgogo wa huko Msalato, mpole hadi anaudhi. Mimi mdomo wangu hauna breki, yeye ukimtukana anakuuliza kama umekula. Kitabu cha maelekezo ya chipu kilikuwa na kurasa zaidi ya elfu, tena kimeandikwa Kiingereza cha kuungaunga. Yeye alikuwa amekisoma. Mimi sikukisoma, niseme ukweli wangu, nilikifungua mara mbili nikakifunga. Tulikuwa na utaratibu wetu pale ofisini: anayejua anaulizwa, maisha yanaendelea.

Siku nilipofika kwenye kache nilikuwa na kikombe cha chai mkono mmoja na chapati mkono wa pili. Yeye alikuwa ameinamia bodi, ananusa moshi wa risasi ya kuunganishia.

"Kaka," nikamwita, "hiki kisehemu kinachopokea joto kutoka kwenye kijiti, nacho kinachangia?"

"Kinachangia," akasema, bila kuinua kichwa. "Tena sana. Kila sekunde."

Nikaandika kinachangia. Nikamalizia chapati yangu.

Tulikijaribu kifaa kile wiki nzima. Tulizamisha kijiti kwenye barafu, namba ikashuka. Tukakizamisha kwenye maji ya moto, namba ikapanda na king'ora kikalia hadi mwenye nyumba akaja kutugombeza. Tulifurahi kupita kiasi. Bosi alituletea soda. Vikafungwa vifaa vitatu kwenye hospitali tatu, na kimojawapo kikaenda kwenye hospitali ndogo upande wa Ihumwa, ambako mdogo wangu alikuwa anahudhuria kliniki ya wajawazito.

Mdogo wangu ni wa mwisho kuzaliwa kwetu, na ile ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alikuwa ameolewa na fundi umeme wa reli, wakapanga nyumba huko huko Ihumwa, mume awe karibu na kazi. Mimba ilimsumbua. Damu yake ilikuwa pungufu, vidonge vya kuongeza damu vikawa havimsaidii sana, halafu mtoto akajilaza kimshazari tumboni akagoma kugeuka. Daktari akasema atazaa kwa upasuaji, na tarehe ikapangwa. Akasema pia hathubutu kumpasua bila damu ya akiba, kwa sababu mdogo wangu ni kundi O hasi, na kundi hilo hupokea la kwake tu. Ndugu tulipimwa wote, hakuna aliyefanana naye. Ilichukua majuma matatu kupatikana chupa mbili, zikawekwa kwenye friji ya maabara na jina lake juu.

Friji yenye kifaa chetu. Nilijisikia raha, sifichi. Nilimwambia, "Damu yako nailinda mimi mwenyewe, lala usingizi."

Asubuhi ya upasuaji nilifika pale saa mbili kasoro. Upasuaji ulikuwa saa tatu. Mdogo wangu alikuwa ameshavalishwa gauni la kijani, anacheka cheka kwa woga, mume wake amekaa pembeni amekumbatia beseni la nguo za mtoto utadhani ataibiwa. Nikawasalimia, nikawatania kidogo, nikasema ngoja nikamwamkie mama wa maabara.

Mama wa maabara alikuwa mtu mzima, amebakiza muda mfupi astaafu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, njoo umwone mtoto wenu, hajanisumbua hata siku moja." Akanionyesha kioo ukutani. Nyuzi nne na pointi mbili. Saa inatembea vizuri, sekunde kwa sekunde. Nikajisikia kama mtu aliyesifiwa mwanawe shuleni.

Akafungua friji achukue chupa za mdogo wangu, apime kama zinapatana kabla ya kuzipeleka chumba cha upasuaji. Mlango akauacha wazi, akageuka kunisimulia habari za umeme. Jana alasiri ulikatika, akasema, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi kwa kishindo hadi taa moja ikaungua. Mimi nasikiliza huku macho yangu yako kwenye kioo. Nne pointi mbili. Anaendelea kusimulia. Nne pointi mbili. Mlango uko wazi na asubuhi ile joto lilikuwa limeshaanza, na namba haijasogea hata pointi.

"Mama," nikasema, "hebu subiri."

Nikaingiza mkono ndani ya friji nikakitoa kile kijiti kwenye kichupa chake cha maji. Nikakifumbata ndani ya ngumi. Mkono wa mtu una joto, namba ilitakiwa ipande hapo hapo. Nne pointi mbili. Nikakifumbata kwa mikono miwili, nikakibana kwapani, nikakipulizia pumzi kama mwehu. Saa inatembea, namba imekaa. Nne pointi mbili.

Ndipo nikagundua kitu ambacho ningekisikia mlangoni kama nisingekuwa na haraka ya kusifiwa. Friji ilikuwa kimya.

Mama wa maabara alivuta droo, akatoa kipimajoto cha kioo, cha zamani, akakiweka katikati ya chupa za damu akafunga mlango. Tukasimama pale tunangoja. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Alipokitoa alikisoma, akakisoma tena, akanipa mimi. Kumi na nne.

Astaghfirullah! Nikamwona yule mama anasema kitu na sisikii anasema nini. Nikachungulia nyuma ya friji: kisanduku cha kudhibiti umeme kilikuwa kimejizima tangu ule umeme wa jana alasiri uliporudi kwa kishindo. Kifaa chetu kilikuwa na betri yake, kwa hiyo chenyewe kilikuwa macho usiku kucha, kinamwambia kila aliyepita kwamba damu iko salama. King'ora nacho kinasikiliza namba ile ile. Kingelia vipi?

"Hizi haziendi kwa mgonjwa," mama wa maabara akasema. Alisema taratibu, kama anamwambia mtoto. "Nenda kamwite daktari."

Daktari alikuja, akasoma kipimajoto, akaniangalia mimi, akaangalia kioo ukutani. Alikuwa kijana, na hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alipiga simu hospitali kubwa mjini, wakamwambia wana chupa mbili za O hasi lakini lazima zipimwe kwanza, na gari la wagonjwa la pale lilikuwa limempeleka mtu huko huko mjini. Upasuaji ukasogezwa. Mdogo wangu alipoambiwa kusubiri alishusha pumzi, akasema bora, alikuwa anaogopa.

Nikatoka koridoni nikampigia mwenzangu.

"Wewe!" Sikumsalimia. "Kile kisehemu cha joto kinapitia kwenye kache au hakipitii?"

"Hakipitii," akasema. "Kinaweka moja kwa moja kwenye kumbukumbu kubwa. Kwani vipi, dada?"

"Hakipitii! Si ulisema kinachangia?"

"Ndiyo, kinachangia." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeshangaa. "Kinatoa namba mpya kila sekunde, kinaweka kwenye kumbukumbu. Si ndiyo kuchangia? Kama mtu anavyochangia damu. Anatoa, anaondoka zake."

Mbele yangu ukutani palikuwa na bango kubwa la hospitali lenye picha ya mkono na chupa. Changia damu. Nimelipita bango lile mara ngapi? Mimi niliuliza kuchangia kwa mpangaji, kama choo na bomba, wote mnatumia kimoja. Yeye akajibu kuchangia kwa mtoaji. Na wote wawili tulikuwa tunazungumza Kiswahili safi kabisa, hakuna aliyekosea neno.

"Dada? Dada, uko hapo?"

"Nimeiambia keneli kinachangia kache," nikasema. "Haijawahi kuitupa nakala yake."

Yule mtu anajua kazi yake, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Akasema neno moja la Kigogo ambalo sijawahi kumsikia akilisema, wala sikutaka maana yake.

Yeye ndiye aliyeniambia kwa nini ofisini kilifanya kazi, maana mimi akili ilikuwa imesimama. Ofisini tulikuwa tumekichomeka kwenye laptopu na kukiendeshea programu kumi za majaribio, kila moja inapita kwenye kache na kusukuma nje vya wenzake, kwa hiyo nakala ya zamani haikupata nafasi ya kukaa. Kule hospitali kifaa kilikuwa kimetulia, hakina kazi nyingine. Namba ikaingia mara moja kwenye kache, ikapata kitanda, ikalala. Hata leo nikiwaza hilo natamani kujipiga makofi. Tulikipima kifaa kikiwa kinahangaishwa, na kazi yake ilikuwa kukaa kimya.

Bosi aliwapigia hospitali zile mbili nyingine hapo hapo, akawaambia wakizime warudi kwenye vipimajoto vya kioo. Friji zao zilikuwa nzima. Ya Ihumwa ndiyo iliyokuwa mbovu, siku ile, asubuhi ile.

Saa tano mdogo wangu akashikwa na uchungu. Haukuwa umetarajiwa kabla ya juma lile kwisha, lakini nani anaupangia uchungu saa? Mwanzoni alisema ni mgongo tu. Baada ya nusu saa alikuwa ameng'ang'ania kitanda, ananiita dada, dada, kwa sauti aliyokuwa akiniitia akiwa mdogo anaogopa ng'ombe. Shemeji alikuwa anatembea koridoni anapiga simu, kila mara anarudi na jibu lile lile: damu inapimwa, damu inasainiwa, damu imetoka, iko njiani. Mimi nilimfuta jasho, nikamwambia inakuja. Sikumwambia iliyokuwepo imekwenda wapi. Alidhani imechelewa tu.

Saa sita daktari akasema hawezi kungoja tena, mtoto amelala kimshazari na uchungu unamsukuma, wote wawili watapotea. Wakamwingiza bila damu. Mlango ulipofungwa, shemeji alikaa chini sakafuni na beseni lake. Nami nikakaa.

Mtoto alilia mapema, tukamsikia, tukashikana mikono kama wendawazimu. Wa kike. Nesi akamtoa nje amefungwa khanga, shemeji akampokea, na mimi nikawa nalia nacheka. Nesi hakucheka. Akarudi ndani mbio. Gari lilifika na zile chupa mbili, kijana wa gari akakimbia nazo hadi mlangoni, na bado mlango haukufunguliwa kwa muda mrefu mno.

Daktari alipotoka alikuwa amelowa damu hadi viatu. Akasema mgonjwa yuko hai. Alitangulia kusema hilo, Mungu ambariki. Kisha akasema mfuko wa uzazi haukujikaza baada ya mtoto kutoka, ukaendelea kumwaga damu, wakampa dawa, wakausugua kwa mikono.

"Ningekuwa na damu mezani, ningesubiri," akasema. "Ningempa dawa nyingine nione kama unakaza. Lakini sikuwa nayo, na mwenyewe damu yake ilikuwa kidogo toka mwanzo. Nimeutoa. Nisingeutoa, nisingekuwa na mgonjwa."

Shemeji hakuelewa. Aliuliza umetoa nini. Daktari akamweleza tena, taratibu, na nikamwona anaelewa, akampa nesi mtoto akatoka nje. Mdogo wangu ana miaka ishirini na minne. Niliwahi kumsikia akimhesabia mama majina ya watoto watano.

Mwenzangu alikuja jioni kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye kope. Alikaa karibu yangu kwenye benchi. Halafu akasema, "Ningeinua kichwa ningekuona unaandika." Nikamwambia anyamaze, na kwa mara ya kwanza sikumaanisha ubaya. Yeye hakuandika faili. Yeye alikisoma kitabu.

Usiku ule ule nililirekebisha faili. Niliufuta mstari mmoja, ukabaki mweupe. Kwenye chipu ile kutokusema kitu ndiko kusema hakichangii. Sekunde tano zilitosha, na nilizihesabu.

Kesho yake daktari akauliza nani atamwambia mgonjwa kwamba mfuko wa uzazi umetolewa, kwa sababu alikuwa ameamka vizuri na ameanza kuuliza maswali. Shemeji akatikisa kichwa, machozi yanamtoka. Nikasema ni mimi. Daktari akasema ni kazi yake yeye. Nikamwambia sivyo, na pengine nilimkaripia, maana alirudi nyuma hatua moja.

Mdogo wangu alikuwa amekaa ameegemea mito, amepauka, mtoto kifuani. Wodi ilikuwa imejaa, vitanda vimekaribiana. Aliponiona akatabasamu hadi meno ya mwisho.

"Dada, mwangalie pua. Si pua ya mama hii?"

"Ya mama."

"Huyu amenitesa," akasema, akimpapasa kichwa. "Wa pili atakuja kistaarabu, nitamzaa kawaida."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda. Nilikuwa nimeipanga hotuba yangu koridoni tangu alfajiri, yote ikapotea. Nikaona nianze na kosa, kisha nifike kwenye kilichotokana nalo, nisije nikaanza na mwisho nikashindwa kujitaja.

"Mdogo wangu," nikasema. "Kile kifaa cha kwenye friji ya damu, pale maabara. Kile nimekitengeneza mimi."

"Najua," akasema, na alikuwa bado anatabasamu. "Wodi nzima wanajua. Nimewaambia mimi."